Leza Moja Kuifungulia Nyingine Njia: Hotuba kwa Walimu na Wanafunzi wa Fizikia Jijini Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zangu. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo mniruhusu niende moja kwa moja kwenye jambo lililonisimamisha mbele yenu.

Nimeombwa nizungumzie nuru. Elimu ya nuru ni pana, nami nimechagua kipande chake kidogo na nitakaa hapohapo: namna tunavyoweza kuuamuru mvuke wa atomi uifyonze nuru ya leza, au uiache ipite. Nina sababu ya kuchagua hicho. Wengi wetu tulifundishwa, na bado tunafundisha, kwamba kitu ama kinapitisha nuru ama hakipitishi, na kwamba hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa nayo. Kioo kinapitisha, mbao haipitishi, mwalimu anafuta ubao na kipindi kimekwisha. Kwa atomi habari ni nyingine. Mvuke uleule, ndani ya seli ileile ya kioo, kwa joto lilelile, unaweza kuizuia leza fulani kabisa. Ukiwashwa mwale wa leza ya pili, ile ya kwanza inapita. Ndani ya seli hakikuongezwa kitu wala hakikutolewa. Hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo. Lipo na la pili, nalisema mapema ili lisije likaonekana nimelichomekea mwishoni: kazi hii inawezekana kufanyika hapa Dodoma, na inatupasa tuifanye.

Tuanze na seli yenyewe. Ni silinda ya kioo, urefu wake kama sentimita 7, kipenyo kama sentimita 2 na nusu, na ncha zote mbili zimezibwa kwa kioo bapa kilichosuguliwa vizuri ili mwale upite bila kupinda. Hewa yote imenyonywa. Ukiishika mbele ya dirisha utadhani ni tupu, mpaka jicho lako litue kwenye doa dogo la rangi ya fedha lililogandamana na ukuta wa kioo kwa ndani. Doa hilo ni rubidiamu, metali laini ya ukoo mmoja na sodiamu na potasiamu. Huyeyuka kwa nyuzi 39.3 za Selsiasi, zaidi kidogo tu ya joto la mwili wa binadamu. Ikigusana na hewa huweza kuwaka yenyewe, ikigusana na maji hulipuka, ndiyo maana hufungiwa humo na seli haipasuliwi kwa udadisi wa mtu yeyote.

Kutoka kwenye doa hilo atomi hujibandua na kuelea ndani ya seli. Kwa joto la kawaida la chumba, kila sentimita moja ya ujazo huwa na atomi kama bilioni 10. Hizo zinaonekana nyingi, lakini hewa tunayoivuta humu ukumbini ina chembe nyingi kuliko hizo kwa zaidi ya mara bilioni moja katika nafasi ileile. Ukiipasha seli, idadi ya atomi zinazoelea huongezeka zaidi ya maradufu kwa kila nyuzi 10 unazopanda. Fundi anapotaka mvuke mzito anaongeza moto, anapotaka mwepesi anapunguza, na hicho ndicho kidhibiti cha kwanza kabisa tulicho nacho.

Sasa chukua leza ya dayodi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. Elekeza mwale wake upite katikati ya seli, na upande wa pili weka fotodayodi, kifaa kinachogeuza nuru kuwa umeme, iliyounganishwa na oskiloskopu inayouchora umeme huo kwenye skrini. Kisha ubadilishe polepole mkondo wa umeme unaoilisha leza. Rangi yake itahama kwa kiasi kidogo sana, ambacho jicho haliwezi kukitambua. Kwenye skrini, mstari unaoonyesha nuru inayofika unakwenda sawasawa, halafu unazama ghafla, unapanda, unazama tena. Unapata mabonde manne. Mawili ya pembeni ni ya rubidiamu-87, mawili ya katikati ni ya rubidiamu-85, ambayo ndiyo isotopu, yaani aina ya atomi ya elementi ileile yenye uzito wake tofauti, inayofanya takriban asilimia 72 ya rubidiamu yote ya asili. Leza ikiwa ndani ya bonde, itazame seli kwa kamera inayoona infraredi: utaona ndani ya kioo mstari unaong'aa tangu ncha hadi ncha. Hiyo ni nuru ambayo atomi zimeifyonza na kuitema upya kila upande, na ndiyo sababu haikufika kwenye fotodayodi. Seli ikipashwa hadi nyuzi 60 hivi, katikati ya bonde leza dhaifu haivuki kabisa. Gesi nyepesi kiasi hicho, na inazuia nuru!

Inazuia kwa sababu atomi huchagua. Mwaka 1814 Joseph von Fraunhofer aliitawanya nuru ya Jua kwa prizimu akaona mistari ya giza kwa mamia, kila mmoja mahali pake, bila kujua imetoka wapi. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff, akifanya kazi Heidelberg pamoja na Robert Bunsen, alieleza kwamba kila elementi hufyonza rangi zilezile inazoweza kuzitoa. Manjano ya nanomita 589, ambayo kila mwalimu wa kemia humu ndani ameionyesha kwa kunyunyiza chumvi kwenye mwali wa moto, ndiyo rangi inayokosekana kwenye nuru ya Jua kwa sababu ya sodiamu iliyo katika tabaka zake za nje. Mwaka 1861 mabwana hao wawili waliyachambua madini ya lepidolaiti, kilo 150 nzima, wakaona mistari miwili myekundu iliyokoza ambayo haikuwa ya elementi yoyote iliyojulikana. Rubidiamu ikapatikana hivyo, kwa macho kwanza, mikono ikafuata.

Kuna bahati moja hapa ambayo sichoki kuisimulia. Wahandisi waliobuni deki za CD walihitaji leza ndogo, rahisi, ya kusomea sahani, wakachagua dayodi za nanomita 780. Hawakuwa wakifikiria rubidiamu hata kidogo. Lakini mstari mmojawapo mkubwa wa rubidiamu uko hapohapo kwenye 780, na mwingine uko 795. Leza zilipoanza kutengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya muziki, bei ikashuka, na maabara zilizokuwa hazina fedha za kununua leza kubwa za rangi zikaweza kufanya fizikia ya atomi. Rubidiamu ikawa ndiyo atomi ya kujifunzia duniani kote.

Naomba vijana msitoke hapa mkaenda kuzifumua deki za nyumbani. Nuru ya nanomita 780 iko ukingoni mwa uwezo wa macho. Unaiona kama doa jekundu hafifu wakati kumbe ina nguvu, na kope hazifumbi kwa haraka kama zinavyofumba kwa nuru kali inayoonekana. Jicho likiungua kwa ndani halina mafuta ya kupaka. Miwani ya kinga na mwalimu pembeni, ndipo leza iwashwe.

Kabla ya kuingia kwenye udhibiti wenyewe, lipo tatizo moja ambalo lazima tulijue. Atomi ndani ya seli hazijatulia. Kwa joto la chumba atomi ya rubidiamu hukimbia kwa wastani wa mita 270 hivi kwa sekunde, nyingine zikiielekea leza, nyingine zikiikimbia, na kila moja huiona leza ikiwa na masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, tofauti kidogo. Atomi iliyotulia ingefyonza katika upana wa megahezi 6 tu. Mvuke mzima unafyonza katika upana wa megahezi kama 500. Mabonde mliyoyaona kwenye oskiloskopu yamepanuliwa na mbio hizo, na yeyote anayetaka kuuamuru mvuke lazima ajue atazifanyaje mbio hizo.

Njia ya kwanza ya kuufanya mvuke upitishe nuru ni ya nguvu. Ongeza ukali wa leza mpaka atomi zishindwe kufyonza kwa kasi inayotakiwa. Atomi ikishafyonza fotoni, yaani chembe moja ya nuru, hupanda ngazi ya juu ya nishati na kukaa huko kwa nanosekunde 26 au 27 kabla ya kushuka, na katika muda huo haifyonzi nyingine. Ukizijaza fotoni za kutosha, nusu ya atomi zinakuwa juu na mvuke unalegea. Inafaa, inatumika kila siku katika maabara kutafuta katikati halisi ya mstari, lakini ni njia ya gharama: nishati nyingi inaingia, joto linaingia, na mvuke unang'aa kila upande. Nisikae hapo.

Ya pili ni ya werevu zaidi. Alfred Kastler wa Ufaransa aliianzisha, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobeli. Tuma nuru ambayo uga wake wa umeme unazunguka upande mmoja inaposafiri. Kila fotoni ya namna hiyo huibebesha atomi kiasi fulani cha mzunguko. Atomi inafyonza, inatema, inafyonza tena, na kila mara inasogezwa ngazi, mpaka inafika kwenye ngazi ambayo haina pa kwenda kwa kupokea fotoni ya aina hiyo tena. Hapo inaacha kufyonza. Atomi zote zikishasukumiwa kwenye ngazi hiyo, mvuke unakuwa mwangavu. Ukizivuruga kwa mawimbi ya redio yenye masafa sahihi, zinarudi kufyonza na nuru inapungua upande wa pili. Masafa hayo sahihi huamuliwa na kitu kimoja: uga wa sumaku ulipo seli.

Hapa naomba tuangalie nyumbani. Jiji hili ndilo makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Ndege ya upimaji wa sumaku inaporuka chini chini juu ya mbuga na vilima, mara nyingi kifaa inachobeba ni kipimasumaku cha mvuke wa sesiamu, ndugu wa rubidiamu. Ndani yake mna seli ya kioo, nuru ya nanomita 894 inapita, na mvuke unafunguka na kufunga kwa mdundo unaotegemea sumaku ya ardhi iliyo chini. Kwa sesiamu ni mizunguko mitatu na nusu kwa sekunde kwa kila nanotesla moja, kipimo cha uga wa sumaku. Uga wa dunia katika eneo letu uko kati ya nanotesla 30,000 na 35,000, kwa hiyo nuru hiyo hufifia na kurudi zaidi ya mara laki moja kila sekunde. Kifaa kinahesabu midundo, na kutoka kwenye hesabu hiyo inachorwa ramani. Mwamba wenye madini ya chuma huongeza midundo. Ufa uliojaa mwamba wa aina nyingine huonekana kama mstari. Bomba la kimbalaiti, mwamba unaobeba almasi, kama lile la Mwadui huweza kuonekana kama duara. Mtafuta maji anayetaka kujua miamba imepasuka wapi chini ya udongo mkavu wa Dodoma naye huzisoma ramani hizohizo. Watu wengi huona ramani ile yenye rangi imebandikwa ofisini na hawajui kwamba kila nukta yake ilianza na atomi zilizoamriwa zisifyonze nuru.

Sasa nifike kwenye njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyonivuta kwenye kazi hii.

Rubidiamu-87 ina ngazi mbili za chini zilizokaribiana sana. Tofauti yao ni gigahezi 6.8347. Juu yake ipo ngazi ya tatu, ambayo elektroni huifikia kwa kufyonza nuru ya nanomita 795. Weka leza mbili. Ya kwanza ni dhaifu, tuiite ya kupimia, nayo imelenga kutoka ngazi ya chini kabisa hadi ile ya juu. Ya pili ni kali, tuiite ya kudhibiti, nayo imelenga kutoka ngazi ya chini ya pili hadi ileile ya juu. Leza ya kupimia ikiwa peke yake inafyonzwa yote. Washa leza ya kudhibiti, kisha urekebishe masafa mpaka tofauti kati ya leza hizo mbili iwe gigahezi 6.8347 hasa. Katikati ya bonde pana la ufyonzaji inachomoza ncha nyembamba inayopanda juu. Nuru ya kupimia inapita.

Kwa nini? Atomi sasa ina njia mbili za kufika juu, na katika ulimwengu wa kwanta njia mbili hazihesabiwi moja moja, zinajumlishwa kama mawimbi. Hapa mawimbi hayo yanapingana. Fikirini bembea moja inayosukumwa na watoto wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa nguvu sawa na kwa wakati uleule: wote wanasukuma, na bembea haitoki ilipo. Ngazi ya juu ndiyo bembea. Misukumo miwili inaifikia, jumla yake ni sifuri, na elektroni haipandi. Kwa kuwa haipandi, haifyonzi kitu.

Mtauliza, leza moja ni kali na nyingine ni dhaifu, misukumo inakuwaje sawa? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo lote. Atomi yenyewe hujipanga katika hali iliyochanganya ngazi zote mbili za chini kwa pamoja, na mchanganyiko huo huwa na uwiano wa kusawazisha. Sehemu kubwa ya atomi iko kwenye ngazi inayoguswa na leza dhaifu, sehemu ndogo iko kwenye ngazi inayoguswa na leza kali. Kubwa kwa dhaifu, ndogo kwa kali: misukumo inalingana. Atomi iliyofika katika hali hiyo huitwa iko gizani, kwa sababu haifyonzi wala haing'ai. Ukitazama kwa kamera, ule mstari uliokuwa uking'aa ndani ya seli unafifia saa ileile ambayo fotodayodi inapokea nuru zaidi.

Wanafunzi huniuliza pia nishati imekwenda wapi. Haikwenda popote, imebaki ndani ya mwale na imetoka nao upande wa pili. Hapo ndipo njia hii inapoachana na ile ya nguvu. Kwenye ile ya kwanza tuliulazimisha mvuke mpaka ukachoka. Kwenye hii ya tatu mvuke haukuingizwa kitu.

Na zile mbio za atomi? Zielekeze leza zote mbili upande mmoja. Atomi inayokimbia inaona masafa ya zote mbili yamehama karibu kwa kiasi kilekile, na kinachotakiwa na hali ya giza ni tofauti ya masafa tu. Tofauti hiyo, kwa mwendo wa mita 270 kwa sekunde, inahama kwa kilohezi 6 hivi, badala ya mamia ya megahezi. Kwa mpangilio wa meza tu, bila kuzipoza atomi, sehemu kubwa ya tatizo inaondoka. Mimi hili linanifurahisha kila ninapolieleza.

Hali hii ilionekana kwanza Pisa, Italia, mwaka 1976. Adriano Gozzini na wenzake, wakimulika mvuke wa sodiamu kwa leza yenye masafa kadhaa, waliona ukanda wa giza mahali ambapo mvuke ungetakiwa kung'aa. Baadaye Stephen Harris wa Stanford na wanafunzi wake wakauliza kama giza hilo la atomi linaweza kutumika kuipitisha nuru kwenye kitu kinachoizuia, na mwaka 1991 wakajibu kwa jaribio kwenye mvuke wa strontiamu. Kabla ya leza ya kudhibiti, kilichovuka kilikuwa kama sehemu 2 kati ya bilioni moja. Ilipowashwa, takriban asilimia 37 ikavuka. Uwazi wa kusababishwa na mawimbi ya sumakuumeme, ndivyo tunavyouita, ukawa tawi zima la fizikia. Mwaka 1998 watafiti wakaonyesha hata kinyume chake: kwa kuchagua ngazi nyingine za rubidiamu, leza ya pili inaweza kuufanya mvuke ufyonze zaidi badala ya kupitisha. Yaani kidhibiti kinakwenda pande zote mbili.

Kuna ufundi ndani yake. Upana wa ile ncha ya uwazi unautawala kwa ukali wa leza ya kudhibiti. Ukiongeza, ncha inapanuka na kupanda. Ukipunguza, inakuwa nyembamba, nzuri kwa vipimo, lakini inafika mahali inakufa. Inakufa kwa sababu hali ya giza ni dhaifu: atomi ikigonga ukuta wa kioo mara moja, mpangilio wake umevurugika. Ndani ya mwale wa milimita moja, atomi inayokimbia hupita na kutoka kwa muda wa mikrosekunde chache tu. Mafundi wakaongeza ndani ya seli gesi isiyochangamana, kama neoni au nitrojeni, ili atomi ya rubidiamu ijipenyeze polepole katikati yake badala ya kukimbilia ukutani, na hali ya giza ikadumu kwa milisekunde. Wengine wakapaka kuta kwa nta ya parafini, atomi ikagonga na kurudi bila kuvurugika. Inashangaza kwamba gesi nyingine ikiongezwa uwazi unaboreka, lakini ndivyo ilivyo. Seli nzima hufunikwa kwa tabaka za aloi ya nikeli ili sumaku ya dunia na ya nyaya za ukutani isiingie.

Ncha nyembamba namna hiyo inaleta jambo jingine. Pale ambapo ufyonzaji unabadilika kwa ghafla, mwendo wa nuru nao unabadilika. Mwaka 1999 Lene Hau, mwanafizikia mzaliwa wa Denmark, pamoja na wenzake huko Marekani, waliipunguza kasi ya mpigo wa nuru hadi mita 17 kwa sekunde, sawa na kilomita 61 kwa saa, ndani ya sodiamu iliyopozwa karibu na sifuri kamili, baridi ambayo chini yake hakuna nyingine. Mwaka huohuo vikundi vingine vikafanya hivyo kwa mvuke wa kawaida wa rubidiamu, kimoja kikapata mita 90 kwa sekunde. Mwaka 2001 watafiti wakaenda mbele zaidi: mpigo wa nuru ukiwa umeshaingia ndani ya mvuke, wakaizima leza ya kudhibiti taratibu. Alama ya mpigo ikabaki kwenye atomi, katika ule mchanganyiko wa ngazi mbili za chini. Leza ilipowashwa tena, mpigo ukatoka. Kwenye rubidiamu ya joto, nuru ilihifadhiwa hadi nusu milisekunde. Watu hushangazwa na kasi ile ndogo. Mimi naona uzito uko kwenye kuhifadhi, kwa sababu hapo ndipo atomi imekuwa daftari la nuru, na mitandao ya mawasiliano ya kwanta inahitaji daftari la namna hiyo.

Matumizi yaliyokwisha kuingia sokoni ni ya saa. Ncha ya uwazi inachomoza pale tu tofauti ya leza mbili inapolingana na masafa ya atomi, na masafa hayo hayategemei fundi wala kiwanda. Basi ukiwa na leza moja ndogo unayoitikisa kwa mikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya jamii ya redio, mpaka itoe masafa mawili, mvuke wenyewe unakuambia kama mikrowevu yako iko sawa: ikiwa sawa nuru inaongezeka, ikipotoka inapungua, na saketi inajirekebisha. Mwaka 2004 taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani ilionyesha saa ya aina hiyo ambayo sehemu yake ya atomi ilikuwa na urefu wa milimita 4 hivi. Kumbukeni kwamba sekunde yenyewe, tangu 1967, inafafanuliwa kwa mizunguko 9,192,631,770 ya sesiamu. Saa ndogo za namna hiyo hutumika pale ambapo ishara ya satelaiti haifiki, chini ya bahari na katika vifaa vya kupima mitetemo ya ardhi.

Sasa lile la pili. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba fizikia ya leza na atomi ni ya nchi zenye fedha. Sikubaliani, na ningependa wakuu wa shule na vyuo mlioko hapa mnisikilize kwa makini. Mnachohitaji kuanzia ni seli moja ya rubidiamu, leza ya dayodi yenye kidhibiti cha joto na cha mkondo, vioo vichache, fotodayodi, oskiloskopu, na meza nzito isiyotikisika. Kidhibiti cha joto ndicho kinachowashinda wengi, maana rangi ya dayodi huhama kwa takriban robo ya nanomita kwa kila nyuzi moja, na mvuke wa rubidiamu hauvumilii hata sehemu ndogo ya mia ya hiyo. Lakini hiyo ni elektroniki, na vijana wetu wa elektroniki ni hodari. Umeme ukikatika, betri ya sola inaiendesha leza hii bila shida. Kwa hatua ya pili, ile ya leza ya kudhibiti, hamhitaji leza mbili: itikiseni moja kwa mikrowevu kama wanavyofanya wenye saa.

Ninaomba vilevile kazi hii isifungiwe chuo kikuu. Kijana wa kidato cha sita anazichora ngazi za nishati daftarini, anakariri kwamba elektroni hufyonza fotoni ikapanda, anafaulu mtihani, na hajawahi kuona atomi ikifanya hivyo. Siku akiyaona mabonde manne kwenye skrini na akayasogeza kwa kidole chake mwenyewe, atakuwa ameuona muundo wa atomi, isotopu mbili, na mwendo wa chembe za gesi, vyote katika picha moja. Mwalimu ambaye hana seli bado anaweza kumpa ukweli wa kutosha kwa chumvi, mwali wa spiriti na kipande cha CD cha kutawanyia rangi. Aanze na hicho, asisubiri.

Kwa wale wa chuo wanaotaka mradi wa mwaka wa tatu, nina pendekezo mahsusi. Chukueni seli ya rubidiamu-87 yenye neoni, tengenezeni ncha ya uwazi ikiwa ndani ya kinga ya sumaku, kisha mfungue kinga. Sumaku ya dunia ikiingia, ncha moja itagawanyika kuwa kadhaa, kwa sababu kila ngazi ya chini ina vingazi ambavyo sumaku huvitenganisha. Utengano huo ni kama hezi 7 kwa kila nanotesla, au mara mbili yake kwa baadhi ya jozi. Upimeni, mgawanye, mpate uga wa sumaku wa mahali mlipo. Kisha bebeni namba yenu hadi kwa wataalamu wa jiolojia hapa jijini, muiweke kando ya ramani yao. Zikitofautiana, tafuteni kwanza nondo kwenye zege la jengo lenu na nyaya zilizo chini ya sakafu, halafu pimeni tena uwanjani, mbali na majengo, asubuhi na mchana, maana uga wenyewe nao hubadilika kidogo kadiri Jua linavyopanda.

Maswali yaanze na wanafunzi, tafadhali. Walimu tutafuata.